Visiwa vya Ziwa Bunyonyi

Sisi tukaao Segera tumezoea kuwaona watu wakisafiri kuliko kusafiri wenyewe. Njia itokayo Dar es Salaam na njia itokayo Tanga hukutana hapa petu, kisha huwa njia moja iendayo Korogwe, Same, Moshi na Arusha. Mabasi husimama mchana na usiku. Abiria hushuka kunyosha miguu, hununua machungwa na mahindi ya kuchoma, hutazama huku na huku kama watu wasiojua wamefika wapi, kisha hupanda tena wakaenda zao. Hata watoto wetu wa shule wakiulizwa Segera ni mahali gani, hujibu ya kuwa ni mahali pa kusimama basi.

Sisi tu walimu wawili, mmoja wa jiografia na mmoja wa Kiswahili, na tumekuwa marafiki tangu tulipoanza kazi. Mapema mwaka 2022, darasani, tulikuwa tukieleza habari za ziwa Titicaca lililo katika milima ya Peru na Bolivia, meta 3,812 juu ya bahari, ambako watu waitwao Uros hujitengenezea visiwa vyao wenyewe kwa matete na kukaa juu yake. Mtoto mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, umepata kuviona?" Tukasema, "La." Akauliza, "Na huku kwetu Afrika, hakuna watu wakaao visiwani huko juu milimani?" Tukamjibu ya kuwa wako, katika ziwa Bunyonyi la Uganda. Akasema, "Na hao je, umewaona?" Darasa zima likacheka, nasi tukacheka, lakini swali lile lilituandama hata nyumbani. Basi tukaweka akiba miezi minne, na likizo ya Juni ilipofika tukaazimu safari.

Habari za njiani hatutazieleza sana, maana msomaji aliyepata kukaa katika basi siku mbili anazijua, na asiyepata hatatusadiki. Twalipita Namanga, tukapita Nairobi usiku, tukavuka mpaka Busia, tukafika Kampala miguu imevimba. Kutoka Kampala tulikwenda Masaka na Mbarara, na baada ya Mbarara nchi ikaanza kupanda. Tulifika Kabale jioni, tukashuka na mashati yetu ya Segera, mepesi, na baridi ikatupokea kama mwenye deni letu. Mmoja wetu alinunua koti kuukuu sokoni usiku ule ule. Na mwingine, aliyejidai kuwa amepata kukaa Lushoto na baridi si kitu kwake, alinunua lake asubuhi.

Ziwa Bunyonyi li mbali kidogo na mji wa Kabale, nyuma ya mlima. Limeinuka yapata meta 1,960 juu ya bahari, ndiyo kusema limeuzidi mji wa Lushoto kwa zaidi ya meta 500. Urefu wake ni kama kilometa 25, na ndani yake mna visiwa 29. Wajuao habari za miamba husema ya kuwa zamani palikuwa na bonde la mto tu. Volkano ikatapika, uji wa moto ukaziba bonde, maji yakajaa nyuma yake, na vilima vilivyokuwa katikati vikabaki vichwa juu ya maji. Hivyo ndivyo visiwa vilivyofanyika. Ukivitazama kutoka mlimani waona wazi ya kuwa ni ndugu za vilima vya bara: mteremko ule ule, na makinga maji yale yale yaliyolimwa na Wakiga, ngazi juu ya ngazi, mtama na viazi na maharage, toka ukingoni mwa maji hata kileleni. Vijana waongozao wageni husema ziwa hili lina kina cha meta 900. Waliolipima wamekuta kina chake ni kama meta 40. Tulimwambia hivyo kijana mmoja, akasema kwa upole ya kuwa wageni hupenda zaidi zile 900.

Na jina la Bunyonyi, maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi, nao wapo. Kabla jua halijatoka walikuwa wamekwisha kutuamsha.

Siku tuliyofika gatini Rutinda ilikuwa siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa ikija kutoka visiwani na kutoka ng'ambo, mmoja mmoja, kimya kimya, imesheheni kabichi, mkaa, mbuzi, mikeka na watu. Kila mtumbwi ulikuwa gogo moja la mkalitusi lililochongwa likawa wazi. Wanawake walipiga makafi sawasawa na waume, wengine na watoto mgongoni, wala hatukuona aliyetazama maji kwa hofu. Tulikumbuka yale tuliyosimuliwa tulipokuwa wadogo, ya kwamba wazee wa Korogwe na Maurui nao katika karne ya 19 walikaa visiwani, katikati ya mto Ruvu, ambao wageni huuita Pangani, kwa kuwahofu Wamasai na watekaji wa watumwa, wakawa na madaraja membamba wawezayo kuyaondoa. Kwa hiyo tulijiona kama watu waliofika kwa jamaa wa mbali. Lakini huo ulikuwa ugeni wetu tu. Wenyewe walituona watalii.

Tulitafuta mtumbwi, tukampata mzee mmoja mwenye kofia ya sufu iliyoshuka hata masikioni. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akatutazama, akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Hapa tunasema Agandi." Tukasema, "Agandi, mzee." Akasema, "Nimarungi. Sasa mmefika." Kiswahili chake alikipata katika kazi ya polisi ujanani mwake, akatuambia ya kuwa alifundishwa kwa amri wala si kwa kitabu, ndiyo sababu akisema Kiswahili watu wa nyumbani mwake hudhani amekasirika. (Mwezi uliofuata, Julai 2022, serikali ya Uganda iliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Tulipoisikia habari hiyo tulimkumbuka mzee wetu, tukatumaini ya kuwa watoto watapewa vitabu.)

Alitupa makafi, tukamwambia ya kuwa sisi tu watu wa mto na hatuhitaji kufundishwa. Mtumbwi ukazunguka kama pia. Tukapiga makafi kwa nguvu zaidi, nao ukazunguka kwa nguvu zaidi, na akina mama waliokuwa wakiosha viazi gatini wakaacha kazi yao ili wapate kutazama vizuri. Mzee alingoja tuchoke, ndipo akasema, "Walimu, wekeni makafi chini."

Alitupitisha karibu na kisiwa kiitwacho Bucuranuka, maana yake kilichopinduka. Husimuliwa ya kuwa zamani watu wa kisiwa hicho walikuwa wakinywa pombe, akapita bibi kizee maskini akaomba kidogo, wakamfukuza. Akaomba basi mtu wa kumvusha, wakampa kijana mmoja, kwa kuwa walitaka aondoke. Alipokwisha kufika ng'ambo, kisiwa kikapinduka, kikawazika wote. Kuku mmoja tu aliruka akapona. Mzee aliisimulia hadithi hii kwa haraka, kama mtu asemaye kitu alichokisema mara mia. Tukamwuliza kama yeye anaisadiki. Akasema, "Wageni wanaipenda. Na mimi nampenda yule kuku."

Kando ya ziwa wako Watwa pia, watu wa msituni tangu asili, waliotolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Kijana mmoja gatini alikuwa ametutaka twende kijijini mwao tukawatazame wakicheza ngoma, kwa malipo. Tulikataa, na ingefaa tuseme ya kuwa tulikataa kwa heshima, lakini kweli ni kwamba fedha hazikutosha.

Tulishuka kisiwani Bwama. Kisiwa hiki kina habari kubwa. Mwaka 1921 madaktari wawili Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale, wakaanza kazi ya hospitali. Na miaka kumi baadaye Sharp akafungua hapa Bwama makao ya wenye ukoma. Siku hizo mwenye ukoma alifukuzwa kwao, akakaa peke yake porini. Hapa kisiwani walikuwa na nyumba, na mashamba, na kanisa, wakajitawala kwa mambo yao mengi. Baada ya vita kuu ya pili zilipatikana dawa zinazoponya ukoma kweli kweli, haja ya kuwatenga watu ikapungua, na mwishowe makao yakafungwa. Majengo yale sasa yana shule. Tuliona kuta nene na madirisha madogo ya zamani, na ndani yake sauti za watoto wakikariri hesabu.

Watoto wengine huvuka maji kila siku kuja shule za visiwani. Huamka gizani, hupiga makafi katika ukungu usioonyesha hata mkono wako, na upepo ukivuma alasiri hungoja utulie. Tulipowaambia ya kuwa kwetu wanafunzi hudai wamechelewa kwa sababu ya matope, walicheka sana.

Chini ya shule moja ya kisiwani (hatuitaji, wala hatumtaji mwalimu wake, maana hatukuomba ruhusa) tulimkuta mama mtu mzima ameketi katika mtumbwi uliofungwa matetini, naye amempakata mtoto mchanga. Tulidhani anangoja kuvushwa. Kengele ya mapumziko ikalia. Msichana mmoja akashuka mbio kwa njia ya mteremko, amevaa sare ya shule, akampokea mtoto, akaketi chini ya mkalitusi akamnyonyesha. Wenzake walipita karibu naye wakinywa bushera katika vikombe vya plastiki. Mmoja akasimama akamshika mtoto kidole. Kengele ikalia tena. Msichana akamrudisha mtoto kwa yule mama, akajifuta, akapanda juu darasani.

Tulimwuliza mwalimu. Akatuambia kama mtu aelezaye habari za mvua. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, hazikufunguliwa zote hata Januari 2022. Na zilipofunguliwa, wasichana wengi walikuwa wamekwisha kuwa mama, na serikali ilikuwa imeagiza wapokelewe. "Huyu anakuja na mama yake," akasema. "Mama analima kisiwa kile pale. Kengele ikikaribia anavuka." Tukauliza kama wazazi wengine hawalalamiki. Akasema, "Wanalalamika. Lakini yeye ni wa pili katika hesabu."

Tulirudi mtumbwini. Tungaliweza kumwomba mzee aturudishe gatini, lakini tulikuwa tumekwisha kulipia visiwa vyote, naye hakuwa mtu wa kupunguza kazi.

Kisiwa cha mwisho kiliitwa Akampene. Msomaji asidhani ni kisiwa cha kukaa watu. Ni matete na udongo, kidogo kuliko uwanja wa mpira, chenye mti mmoja mkavu, na ndege mweusi ameketi juu yake akianika mabawa. Zamani za wazee, msichana wa Kikiga aliyeonekana ana mimba kabla ya kuolewa aliletwa hapa kwa mtumbwi na jamaa zake wenyewe, akaachwa. Hapana chakula hapo, wala nyumba, wala moto, na baridi ya usiku tumekwisha kuitaja. Wengi hawakujua kuogelea. Waliojaribu walizama, na wasiojaribu walikufa kwa njaa na baridi. Msichana wa namna hiyo alihesabiwa kuwa amewapotezea jamaa zake ng'ombe wa mahari, na tena wasichana wengine wapaswa kumwona akipelekwa ili waogope. Mwanamume hakupelekwa popote. Ila maskini asiye na ng'ombe aliweza kuja usiku kwa mtumbwi akamchukua msichana akamfanya mkewe bila mahari, na kwa njia hiyo baadhi yao walipona. Desturi hii ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na wako waliookolewa ambao waliishi hata karne hii.

Mzee aliuacha mtumbwi uelee. Hakusimulia kwa haraka kama alivyosimulia habari za kuku. Alisema ya kuwa dada wa baba yake, shangazi yake, aliletwa hapa kabla yeye hajazaliwa. Aliyemleta ni babu yake, na aliyepiga kafi la nyuma ni baba yake, akiwa kijana. Mvuvi wa ng'ambo alimchukua usiku wa pili. Walizaa watoto sita. "Nilipokuwa mdogo," akasema, "baba alikutana naye sokoni Rutinda kila wiki. Walisalimiana. Alinunua kwake mtama. Habari ya kisiwa hawakuisema hata baba alipokufa."

Tukanyamaza kitambo. Yeye akatutazama, akasema, "Walimu, mbona mmeinama? Wageni wengine hapa hupiga picha."

Hapo tukamwambia, na kwa kuwa tulimwambia yeye, hatuna budi kuwaambia na wasomaji. Mwaka 2014 tulikuwa tukifundisha katika shule ambayo pia hatuitaji. Wasichana walipimwa mimba kila muhula, wakipangwa mstari. Mmoja wa kidato cha pili, mwenye miaka kumi na mitano, alikutwa nayo. Kanuni za mwaka 2002 zilisema mwanafunzi aweza kufukuzwa kwa kosa la maadili, na desturi yetu walimu ilikuwa kulihesabu jambo hili kuwa kosa hilo. Mmoja wetu aliandika barua ya kumfukuza, kwa mwandiko mzuri. Na mwingine alichukua daftari la mahudhurio, akapiga mstari juu ya jina lake kwa rula ili usipinde. Kisha tukasimama mbele ya wanafunzi wote tukasema ya kuwa hili liwe funzo. Msichana aliondoka na sanduku lake la bati kichwani. Jina la aliyempa mimba halikuulizwa, ingawa wanafunzi walilijua na sisi pia tulilisikia.

Hatukuwa peke yetu, lakini hilo si neno la kujitetea. Hata mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani ya kuwa waliozaa hawatarudi shule za serikali, na walimu wengi tulipiga makofi. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ikatangaza ya kuwa wanaruhusiwa kurudi. Tuliisoma habari hiyo ofisini, tukaipongeza, tukanywa chai.

Mzee alisikiliza hata mwisho. Akauliza, "Sasa huyo mtoto yuko wapi?"

Tukasema yuko Segera. Anauza machungwa kwenye mabasi.

"Ni mbali na nyumba zenu?"

Tukasema ni mwendo wa dakika kumi.

Akachovya kafi lake majini, akageuza mtumbwi. Hakutuambia neno lingine hata tulipofika Rutinda, na hapo alitutajia nauli tu, akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Webale," yaani asante. Jina la shangazi yake tulilijua, kwa kuwa tulimwuliza, naye alifurahi kulitamka. Lakini ni mali ya jamaa yake, na hatutaliandika.

Basi letu la kurudi lilifika Segera usiku, yapata saa tano. Lilisimama pale lisimamapo siku zote, na wauzaji wakalikimbilia na mabeseni vichwani. Tulikuwa tumekaa dirishani kama abiria, jambo ambalo hatujazoea, tukaona nyuso za majirani zetu zikiinuliwa kwetu toka chini, kila mmoja akitaja bei. Yeye alikuwa wa tatu au wa nne. Alitutambua, akasema, "Shikamooni, walimu. Mmetoka mbali?" Kwa miaka minane alikuwa akituamkia hivyo, nasi tukiitikia marahaba na kununua machungwa, na kujiona tu watu wema kwa kuwa hatumwombi apunguze bei.

Tulishuka na mizigo yetu, tukasimama naye pembeni, penye taa ya duka. Tulisema vibaya, kwa kupokezana, kama wanafunzi wasiosoma somo lao. Tulimwambia ya kuwa ile barua tuliiandika sisi. Akasema, "Najua. Nilikuwa naujua mwandiko." Tukamwambia ya kuwa sasa ruhusa ipo. Akatutazama kuona kama twafanya mzaha. "Walimu wangu," akasema, "nina miaka ishirini na mitatu. Mwanangu yuko darasa la pili. Nivae sketi niketi na nani?" Tukamweleza ya kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufundisha masomo ya sekondari kwa waliokatishwa shule, na ya kuwa sisi wenyewe twaweza kumfundisha jioni bila malipo, mmoja jiografia na mmoja Kiswahili, na hesabu tungemtafutia mtu. Akauliza jioni gani, maana jioni ndipo mabasi ya Arusha hupita.

Hapo likaja basi jingine, naye akainua beseni lake. Alikimbia hatua chache, akarudi, akatupa machungwa manne katika mfuko wa plastiki. Tulipotoa fedha alizipokea, akahesabu, akaturudishia chenji yote.

Tangu siku ile tumekwenda kwa mama yake mara mbili. Mara ya kwanza hakuwapo. Mara ya pili alikuwapo, akatuwekea viti, akatusikiliza, akasema atafikiri baada ya msimu wa machungwa kwisha.